Presha iko juu, muda na hela ya gym huna: tafuta klabu ya jogging mtaani kwako

Mkuu, umesema una miaka 44, presha imepimwa mara mbili ikasoma 150/95, daktari amekuanzishia dawa na kukuambia ufanye mazoezi. Unakaa Kimara, kazi Posta, gym huiwezi. Nakujibu kama mtu ninayeishi na presha miaka kadhaa sasa na ninayekimbia na klabu ya mtaani kwetu Temeke.

Kwanza dawa usiache, hata ukijisikia mzima. Presha haiumi, kwa hiyo huwezi kuijua kwa kujisikia, hadi ipimwe. Ikishuka, wa kupunguza dozi ni daktari, si wewe wala muuza unga wa majani.

Sasa muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ya wastani ni ile kasi ambayo kuongea unaweza, kuimba kunakushinda. Wewe unapanda basi la mwendokasi kila siku: asubuhi shuka kituo cha Fire, malizia kwa miguu hadi Posta. Ukitembea hivyo siku zote za kazi, sehemu kubwa ya hizo dakika umeshaipata, na Jumapili inamalizia.

Hiyo Jumapili ndiyo iliyonisaidia mimi kuliko kitu kingine chochote. Klabu za jogging zimejaa Dar nzima. Kwetu tunakutana saa 12 asubuhi, fulana za rangi moja, tunapasha misuli kwanza ndipo tunatoka. Mbele anakaa mwanzishaji wa nyimbo, wengine tunaitikia kwa kufuata miguu. Pembeni yuko mwenye filimbi na kitambaa chekundu, anasimamisha magari tukivuka barabara. Nyuma kabisa kuna mtu kazi yake ni kubaki na waliochoka. Mgeni hakimbizwi, anatembea na huyo wa nyuma, na kuimba halazimishwi mpaka pumzi ikae sawa. Tuna mama mmoja muuza mihogo aliyeanza kwa kutembea, leo ndiye anayeanzisha nyimbo.

Halafu kuna daftari la michango. Ukifiwa wanakuja msibani, ukiugua wanakuja kukuona, na usipoonekana Jumapili mbili mfululizo utapigiwa simu. Wengi nawaona wanalipia gym mwezi wa kwanza, wa pili hawaendi tena, na hakuna anayewauliza. Ukiwa na watu wanaokusubiri barabarani, kuamka kunakuwa rahisi zaidi.

Chakula nacho. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu kila kitu: mchuzi, chipsi, kachumbari, supu ya asubuhi pale kazini, na vile vidonge vya kuungia mboga ambavyo watu huvisahau. Sisi nyumbani kichupa cha chumvi tulikiondoa mezani, pakabaki ndimu na pilipili. Mwanzoni chakula kilipooza kweli, baadaye ulimi ukazoea. Ugali usiuache, ila punguza bonge na ujaze matembele au mchicha, na kipande cha samaki au maharage. Zungumza na shemeji apike sufuria moja ya watu wote. Ukipikiwa peke yako kama mgonjwa utachoka haraka, na watoto nao watakua na ulimi wa chumvi nyingi.

Usingizi usiuchezee, angalau saa 7. Simu iache sebuleni.

Kabla hujaanza kukimbia, mwambie daktari wako, akupime tena. Na siku yoyote kifua kikibana, ukasikia kizunguzungu au pumzi ikakata isivyo kawaida, simama hapo hapo, usijikaze kwa sababu ya wenzako, nenda hospitali.

Niandikie unakaa upande gani wa Kimara. Nina jamaa wanaokimbia huko, nitakuunganisha nao uanze Jumapili hii.