Mchoro wa shule ya Hangar: usikubali 15% kabla ya kuuliza makato mengine

Yaya, hiyo ada ya muuzaji ya 15% ambayo nyumba ya mnada ya Paris inakuomba ili ikuuzie mchoro wa baba mkubwa si ajabu, lakini haiishi hapo. Mchoro ukigongewa nyundo, yaani ukiuzwa mnadani, kwa euro 1.000, wanakata 150, kisha mara nyingi wanakata gharama za picha za katalogi, bima na usafiri. Mnunuzi naye anaongezewa ada yake, tuseme 25%: yeye analipa 1.250, na wewe unapata chini ya 850. Waombe waandike kila kato kwenye mkataba kabla mchoro haujatoka Lubumbashi. Ada ya muuzaji inajadilika, hasa kwa vile mchoro ni wa wale wa Hangar, shule ya uchoraji ambayo Romain-Desfossés alianzisha hapa kwetu mwaka 1946. Wakusanyaji wa Ulaya wanawajua vizuri wachoraji wake, akina Pilipili na Bela, kwa hiyo usijishushe.

Jambo linaloniuma zaidi ni bei ya chini kabisa, ile ambayo chini yake mchoro hauuzwi. Isipoandikwa, wanaweza kuuuza kwa pesa kidogo na huna la kusema. Uliza pia: mchoro usipouzwa, nani analipa kuurudisha? Hapo ndipo familia nyingi zinakwama.

Galeri nyingi huchukua 40 hadi 50% ya bei, ila hizo zinafaa zaidi mchoraji aliye hai. Na yule kijana aliyekuunganisha na Paris, mwandikieni asilimia yake sasa, mbele ya shahidi wa familia. Halafu, kabla ya kuutuma, pita kwenye Musée, makumbusho ya hapa Lubumbashi, uulize karatasi za kuutoa nchini.