Mitindo ya mapigano duniani: soma kanuni zake kabla ya kutazama mateke yake

Mleta uzi ameuliza mambo mawili: karate, judo, taekwondo, kung fu, muay thai, jiujitsu na wenzake vinatofautiana nini hasa, na mtu mzima ambaye hajawahi kufanya chochote aanzie wapi. Wengi hapo juu wamejibu kwa kutaja "mtindo mkali kuliko yote". Wakuu, hoja hiyo haimfikishi popote. Kila mtindo umechongwa na kanuni za pambano lake. Ukijua kinachopewa pointi, kilichokatazwa, na refa anasimamisha lini, utajua mpiganaji wake anasimamaje, mikono anaiweka wapi na mlango upi ameuacha wazi.

Chukua teke moja tu, lile la mzunguko linaloingia kutokea pembeni. Karibu kila mtindo unalo, na karibu kila mtindo unalipiga tofauti.

Kwenye karate ya pointi, tawi la Shotokan kwa mfano, goti linapanda kwanza likiwa limekunjwa, mguu unafyatuka, kisha unarudishwa kabla ya kutua. Teke la kichwani ni pointi 3, la kifuani 2, ngumi 1, lakini pigo la kichwani lazima lidhibitiwe, na anayepiga aonekane bado yuko tayari baada ya kupiga. Ndiyo maana wanarudisha mguu haraka vile. Mguu unaobaki hewani unakunyima pointi.

Taekwondo ya mashindano inatumia kinga ya kifua ya elektroniki na soksi zenye vitambuzi. Ngumi ya kifuani inaleta pointi 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, na ukipiga kwa kuzungusha mwili yanakuwa 4 na 5. Ngumi ya usoni ni marufuku. Matokeo yake unayaona kwa macho: mwili umesimama kiubavu, mikono iko chini, mguu wa mbele unaning'inia hewani kumzuia mwenzake, na umbali kati yao ni mrefu. Mtu hana sababu ya kulinda uso dhidi ya ngumi ambayo kanuni haziiruhusu.

Kwenye muay thai, teke lile lile linapigwa kwa ugoko, si kwa unyayo. Mpigaji anakanyaga nje kidogo kwa mguu wa kusimamia, nyonga inazunguka yote, mkono wa upande huo unashuka kusaidia mzunguko na ule mwingine unabaki shavuni. Likikosa, linamzungusha mwenyewe. Majaji wa Thailand wanathamini pigo linalomyumbisha mwenzako na wewe ukabaki wima, kwa hiyo teke zito la mbavuni lina thamani kuliko ngumi nyepesi tatu. Mguu wa mbele nao haubebi uzito mwingi, maana muda wowote unatakiwa upande kupokea teke la chini.

Makosa ya teke hili yanafanana kote. La kwanza ni mguu wa kusimamia kukaa tuli. Kisigino chake lazima kigeuke kuelekea unakopiga, la sivyo nyonga inazunguka huku goti limebaki nyuma, na kano za goti ndizo zinalipa. La pili ni kupiga kwa mgongo wa unyayo kwenye kiwiko cha mtu. Mifupa ya pale ni midogo, kiwiko hakijali. La tatu ni kurusha teke bila kutanguliza mkono. Kwenye muay thai mguu ukidakwa unakula ngwala au goti, wakati kwenye taekwondo kudaka mguu ni kosa la anayedaka. Mtu wa taekwondo akiingia kwingine, hilo ndilo linamshangaza mapema kuliko yote.

Kyokushin, tawi la karate alilolianzisha Oyama Masutatsu, ina kanuni za aina yake: hakuna glovu, ngumi za kifuani na tumboni zinapigwa kwa nguvu zote, teke la kichwani ruksa, lakini ngumi ya usoni hapana. Basi wanasimama kifua kwa kifua wakichapana mbavu na mapaja. Miili yao inavumilia mno, ila ngumi ya uso inawapata kirahisi.

Ndondi ni kinyume chake. Kanuni za Queensberry za 1867 ndizo zilizoleta glovu, raundi za dakika 3 na mapumziko ya dakika 1. Hakuna mtindo unaofundisha miguu ya kutembea, kukwepa kwa kichwa na kupiga mfululizo kama ndondi. Lakini bondia anayeinama chini kukwepa ndoano (ngumi inayoingia kutokea pembeni), kitu kizuri kabisa ulingoni kwake, akifanya hivyo mbele ya mtu wa muay thai anaupeleka uso kwenye goti.

Sasa upande wa kushikana, ambako watu wanachanganya zaidi, maana kwa mbali vyote vinaonekana ni watu wawili wanagaragazana.

Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, akichuja mitindo ya zamani ya jujutsu ya Japani na kutupa yale yasiyoweza kufanyiwa mazoezi kwa nguvu bila kuumizana. Huo uamuzi, kwa maoni yangu, ndio mkubwa kuliko yote katika historia ya michezo hii, kwa sababu mbinu 10 unazoweza kumfanyia mtu anayekataa kwa nguvu zake zote zinakufaa kuliko 100 unazoonyeshana na rafiki anayekubali kuanguka. Pambano linaisha ukimtupa mwenzako chali kwa nguvu, kasi na udhibiti, au ukimbana chini sekunde 20, au akikubali kushindwa kwa kupigwa kabali au kukunjwa kiwiko. Kufunga goti au kifundo cha mguu, yaani kukikunja kiungo mpaka mtu akubali, hakuruhusiwi. Chini refa hakupi muda mrefu, kwa hiyo wengi wakianguka wanajikunja kifudifudi na kusubiri asimamishe. Tangu 2010 kushika miguu kulianza kuzuiwa katika mashindano ya kimataifa, na 2013 kukapigwa marufuku kabisa. Kwa sababu hiyo mjudo wa leo anasimama wima sana, na mtu wa mieleka akimvamia mapajani anahangaika.

Mieleka ya Olimpiki ni aina mbili. Ya Kigiriki na Kirumi hairuhusu kushika chini ya kiuno wala kutumia miguu kuangusha. Ya mtindo huru inaruhusu. Zote mbili, mabega mawili yakibanwa chini umekwisha, na hata mgongo kuelekezwa tu kwenye mkeka kunampa mwenzako pointi. Mwanamieleka hivyo ana chuki ya asili na kulala chali. Afadhali akupe mgongo wake. Kwenye jiujitsu ya Brazil kutoa mgongo ni kujiletea kabali.

Jiujitsu ya Brazil ilitokana na judo ya mapema iliyopelekwa huko na Maeda Mitsuyo, aliyefika nchi hiyo mwaka 1914, kisha familia ya Gracie ikaiendeleza. Pointi zake zinasema kila kitu: kuangusha 2, kumpindua mwenzako kutoka chini 2, goti tumboni 2, kuvuka miguu yake 3, kumkalia kifuani 4, kumpanda mgongoni na kumfunga kwa miguu 4. Kulala chali huku miguu imemzingira mwenzako hapa ni nafasi ya kufanyia kazi, si aibu. Udhaifu unatokea hapo hapo: kuangusha ni pointi 2 tu, basi wengi hukaa chini kwa hiari, na mtu anaweza kufika mkanda wa zambarau ambao ni wa ngazi ya kati, bila kuwa na mbinu ya maana ya kumwangusha mtu aliyesimama.

Sambo ya Urusi, iliyotambuliwa rasmi Umoja wa Kisovieti mwaka 1938, iko katikati. Unavaa koti na kaptula, kufunga miguu kunaruhusiwa, kabali hairuhusiwi, na ukimtupa mtu chali wewe ukabaki umesimama pambano limeisha. Ndiyo maana wanatupa vizuri na wanawinda miguu, lakini shingo hawailindi sana, isipokuwa wale wa sambo ya mapigano, ambako kabali ni ruksa.

Afrika ina mingi isiyotajwa kwenye mijadala hii. Dambe ya Wahausa, kwa mfano, mkono wenye nguvu unafungwa kitambaa na kamba na ndio wa kupigia, mwingine ni ngao. Mkono, goti au mwili ukigusa ardhi raundi imekwisha. Kwa kuwa silaha ni mkono mmoja, hakuna mfululizo wa ngumi kama wa ndondi. Ni kuvizia na konde moja zito. Laamb ya Senegal kwenye viwanja vikubwa inachanganya ngumi na mieleka, na anayeangukia mgongo, au mikono na magoti kwa pamoja, ameshindwa. Dakika nyingi zinapita wakipigana mikono tu, kila mmoja akitafuta mshiko. Kapoeira ilizaliwa Brazil miongoni mwa Waafrika waliofanywa watumwa, na sheria ya 1890 ikaipiga marufuku; ilianza kukubalika baada ya Mestre (mwalimu) Bimba kufungua shule yake miaka ya 1930. Wengi wanaiona dansi tu, lakini ngwala zake ni za kweli, na teke la kisigino linalozunguka huku mkono umeshika chini lina uzito wa kulaza mtu.

Kung fu si mtindo mmoja, ni mamia. Wing Chun ni ya karibu, mikono mifupi katikati ya mwili. Taiji (tai chi) ina mizizi kijiji cha Chenjiagou, China, na ile ya miondoko 24 inayofanywa bustanini ilipangwa 1956. Ni nzuri sana kwa mizani ya mwili wa mtu mzima, lakini bila mazoezi ya kusukumana mikono haimpi mtu uwezo wa kupigana. Ukitaka kung fu inayopigana kweli, tafuta sanda: ngumi, mateke na kuangusha, na kumtoa mwenzako nje ya jukwaa kunahesabika. Aikido ya Japani na krav maga ya Israeli, tatizo lao si mbinu. Kukunja kifundo cha mkono kunafanya kazi, ila mafunzo mengi hayana mtu wa kukukatalia, na anayevuta mkono wake kwa nguvu hukukuta hujajiandaa.

Kwa silaha, eskrima ya Ufilipino inaanza na fimbo ya henzirani ya takriban sm 70, tofauti na mitindo mingi inayoacha silaha hadi mwisho. Kendo, mchezo wa panga za mianzi wa Japani, ina shabaha nne tu: kichwa, kifundo cha mkono, ubavu na koo. Faida kubwa ya zote mbili ni hisia ya umbali.

Sasa kuanza. Mtu mzima asiye na msingi, ningempeleka judo, jiujitsu au ndondi, kwa sababu zote tatu zina mazoezi dhidi ya mtu anayepinga tangu miezi ya mwanzo na bado unaweza kwenda kazini kesho yake. Kabla ya kulipa, kaa utazame darasa zima. Kama katika dakika 90 hakuna hata 15 ambazo mwanafunzi anajaribu mbinu kwa mtu asiyeshirikiana naye, tafuta kwingine. Pia tazama wakongwe wanavyowafanyia wageni. Wakiwachapa kwa nguvu zote, ondoka.

Ukienda judo, kazi ya kwanza ni kuanguka. Anza umechuchumaa, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wako. Kaa karibu kabisa na visigino, mgongo uwe wa mviringo, bingirika. Mgongo wa juu unapogusa mkeka, upige kwa mikono yote miwili kuanzia kiganja hadi kiwiko, ikiwa imeachana na mwili nyuzi 30 hadi 45. Ikienda mbali zaidi ya hapo bega linaumia. Kosa baya kuliko yote ni kutanguliza mkono ulionyooka ili ujizuie: kifundo cha mkono, kiwiko au mtulinga, kimojawapo kitavunjika. Fanya 10 hadi 20 kila unapoanza mazoezi, na usikubali kutupwa mpaka kichwa chako hakigusi mkeka kabisa.

Jiujitsu na sambo, jifunze kukubali kushindwa mapema. Gonga mwilini mwa mwenzako mara mbili au tatu, mikono ikiwa imebanwa sema kwa sauti. Kabali inayobana mishipa ya pande zote mbili za shingo inamzimisha mtu kwa sekunde kama 10, na haiumi sana. Kukunjwa kiwiko kunauma kabla hakijaharibika, kwa hiyo una onyo. Kunyongwa kisigino, yaani mguu kuzungushwa kwa kushikwa kisigino, hakutoi onyo: goti linachanika kabla maumivu hayajafika. Hapo unakubali pindi unaposhikwa. Kucha fupi, oga mara tu baada ya mazoezi, na mwenye choa asiingie mkekani mpaka apone.

Ndondi na muay thai, nunua bandeji za mkono za mita 4.5, glovu za wakia 16 za kupigana mazoezini, kinga ya meno na kinga ya sehemu za siri, na ugoko wa muay thai unataka kinga yake. Bandeji ipite kifundo cha mkono mara tatu au nne, vifundo vya ngumi mara tatu, katikati ya vidole, kisha irudi kifundoni. Ukikunja ngumi ibane, ukifungua vidole visife ganzi. Miezi miwili mitatu ya mwanzo usipigane kwa nguvu. Ukipigwa kichwani ukaona kizunguzungu, kichefuchefu au mwanga unakusumbua, siku hiyo imekwisha, uende hospitali, na usirudi kupigana mpaka daktari akuruhusu, hata kama kocha anakwambia ni kawaida.