Wavuvi wa Butiaba na mfano wa mizabibu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wavuvi wa Butiaba walikutumbulia macho ulipowafundisha mfano wa shamba la mizabibu. Mzabibu wameuona wapi? Pale Ziwa Albert anza na juya la Mathayo 13: linakusanya samaki wa kila aina, kisha watu wanaketi ufukoni kuchagua. Usiwaeleze juya ni nini. Waulize wakueleze wewe: nani anachagua, na kinachotupwa kinatupwa kwa nini? Wakishabishana kidogo, nusu ya somo imeshaingia.

Fundi wangu wa mifano ni nabii Nathani. Daudi alichunga kondoo kabla ya kuwa mfalme, basi akaletewa habari ya maskini na kondoo wake mmoja aliyenyang'anywa na tajiri. Mfalme akawaka, akatoa hukumu, kumbe anajihukumu mwenyewe, maana alikuwa amemchukua mke wa Uria. (Nathani angeanza kwa kumwambia "umezini", sijui kama angetoka mle mzima.)

Ila usibadilishe kila kitu. Mpanzi wa Marko 4 anarusha mbegu, na aliyezoea kupanda mahindi shimo kwa shimo atamwona mzembe. Mwambie ni kama kumwaga mbegu za wimbi, ataelewa.

Mimi zamani nilifafanua mifano mpaka tone la mwisho. Mama mmoja akaniuliza kama nawatafunia kwa sababu hawana meno. Siku hizi nasimulia, nauliza swali moja, nanyamaza. Anayenifuata nje na maswali ndiye namfafanulia, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake faraghani.