Ameona video ya mauaji, sasa anaogopa giza

Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa akitazama katuni kwenye simu yangu, akafungua video iliyoingia kwenye kundi la WhatsApp: mtu anapigwa hadi kufa. Nilimpokonya simu nikamfokea. Wiki ya pili sasa halali taa ikizimwa, na nikimuuliza ananyamaza. Nifanyeje? – Mama Mwenye Hofu

Marahaba, mwanangu. Najua ulifoka kwa kushtuka, lakini yeye ameelewa kwamba kosa ni lake. Ndiyo maana ananyamaza, na akiona jingine ataficha. Anzia hapo. Mkiwa mnakunja nguo pamoja, bila kumkazia macho, mwambie: “Siku ile nilikufokea kwa sababu niliogopa. Hukukosea. Uliona nini?” Kisha tulia, hata kimya kikiwa kirefu. Usimchimbe. Akiuliza kama ni kweli, usimwambie ni maigizo. Akija kujua, hatakuamini tena. Mwambie ni kweli ilitokea, ni vibaya sana, na kuogopa si udhaifu.

Taa ndogo mwachie, na saa moja kabla ya kulala asishike simu. Hofu ya namna hii kwa kawaida hupungua kidogo kidogo. Ikipita mwezi bado ipo, au akianza kukojoa kitandani ama kukataa shule hata kabla ya hapo, mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto.

Sasa simu. Futa video kwenye mazungumzo, kwenye galari, na kwenye pipa la galari, maana kilichofutwa hukaa humo kwa muda. Ndani ya WhatsApp ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji otomatiki wa picha na video. Zima kwenye data na kwenye Wi-Fi pia. Wengi husahau Wi-Fi, na video zinamiminika wakifika nyumbani. Kwenye faragha, weka kufuli ya alama ya kidole.

Kinga kubwa zaidi, kwa kuwa simu ni yako, ni kubandika programu. Simu nyingi za Android zina kipengele hicho kwenye mipangilio ya usalama: unafungua katuni, unaibandika, na mtoto hatoki humo bila namba yako ya siri. Hakikisha umewasha sharti la namba, la sivyo atajibandua mwenyewe. Kwenye YouTube zima uchezaji otomatiki.

Ukishamaliza, mrudishie katuni zake, ukae karibu naye.