Simba wa chu shogi: mwelewe huyu kwanza

Anayeingia chu shogi, mchezo wa ubao wa Kijapani, kutoka chesi au shogi ya kawaida (chesi ya Kijapani) hukwama kwa kete moja: simba. Ubao una miraba 12 kwa 12, kila upande una kete 46, na kete ikiliwa hairudi tena. Kwa hiyo simba aliyepotea kizembe ni hasara kubwa.

Simba huenda hatua mbili za mfalme kwa zamu moja, na hatua ya pili yaweza kugeukia upande wowote. Mweke peke yake katikati ya ubao: miraba yote 24 inayomzunguka, safu mbili kila upande, anaifikia, hata kwa kuruka. Hapa wengi hukosea. Kete iliyorukwa haijaliwa. Ukitaka mbili, kanyaga ya kwanza, uile, ndipo uingie kwa ya pili.

Anaweza pia kula jirani na kurudi alipokuwa. Wajapani huita igui, kula ukiwa umekaa. Jambo hili linabadilisha hesabu yote ya ulinzi: askari wako akiwa jirani na simba wa adui, mlinzi wake hasaidii kitu, maana simba amekula na hayupo pale pa kulipiziwa.

Simba kwa simba kuna masharti, yaliyowekwa ili wasibadilishane mapema na mchezo ukapoa. Wakigusana, mle, awe analindwa au halindwi. Akiwa umbali wa miraba miwili na analindwa, huruhusiwi, isipokuwa njiani umekula kete nyingine isiyo askari wala mpatanishi (kete dhaifu iendayo mraba mmoja mbele au nyuma). Kagua pia mlinzi aliyejificha: gari (kete iendayo mbali kwa mstari ulionyooka) la adui lililozibwa na simba wako mwenyewe hufunguka akiondoka, nalo huhesabiwa. Kete ya adui isiyo simba ikimla simba wako, zamu inayofuata usimle simba wake kwingine kwa kete isiyo simba.

Usimsahau kirin, jina ambalo leo Wajapani humwitia twiga. Huenda mraba mmoja kimshazari, au huruka miwili wima au mlalo, hivyo maisha yake yote hugusa nusu tu ya ubao. Lakini akiingia safu 4 za mwisho hupanda cheo na kuwa simba. Mpandishe papo hapo. Ukichelewa, humo ndani utangoja mpaka ale kete, la sivyo atoke na kuingia upya.