Siku tano za kuwahamisha wenzako kutoka PHP kwenda Python

SWALI: Naongoza timu ya watengeneza programu saba hapa Dar es Salaam. Mifumo yetu yote imeandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, na sasa uongozi unataka tuhamie lugha nyingine, Python. Nimepewa siku tano niwafundishe wenzangu. Nimeandaa slaidi 140: vigeu (majina ya kuhifadhia taarifa), masharti, vitanzi (amri za kurudiarudia kazi), fanksheni (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina), hadi klasi. Nianze na ipi?

JIBU: Ndugu yangu, slaidi hizo ziweke kando zote. Wenzako wameandika vitanzi kwa miaka. Namna Python inavyoviandika wataisoma wenyewe jioni moja kwenye mafunzo rasmi ya lugha hiyo, yanayopatikana bure.

Kinachonikera, na nakutana nacho kila mara, ni imani kwamba lugha mpya ni maandishi mapya tu: ondoa alama ya dola, ondoa nukta mkato, sogeza mistari ndani, umemaliza. Anayeamini hivyo huandika PHP kwa herufi za Python. Programu yake inakubali kuendeshwa bila kulalamika, na hapo ndipo hatari ilipo.

Katika PHP, ukichukua safu (mfululizo wa vitu vilivyohifadhiwa pamoja) ukaipa jina la pili, unakuwa na nakala. Ukiibadilisha, ya kwanza haiguswi. Katika Python orodha, ndiyo safu yao, inabaki ileile moja yenye majina mawili. Mwenzako akidhani anafuta bidhaa kwenye nakala ya oda, ameifuta kwenye oda yenyewe. Tena, PHP huhesabu maandishi "0" kuwa si kweli; Python huyahesabu kuwa kweli, kwa kuwa si matupu. Sharti lililokuwa likizuia fomu mbovu sasa linaipitisha.

Lakini mtego mkubwa ni kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kawaida kila ombi la mtumiaji linalofika kwenye PHP huanza na kumbukumbu safi, na likijibiwa kila kitu hufutika. Programu ya Python kwenye seva hubaki hai, ikihudumia ombi baada ya ombi. Kigeu cha jumla (kinachoonekana na programu nzima) kilichowekwa taarifa za mteja wa kwanza kinaweza kumkuta mteja wa pili. Niliwahi kuitwa na kampuni moja ambayo wateja wake walikuwa wakionyeshwa salio la watu wengine. Waliouandika msimbo ule, yaani maandishi ya programu, walikuwa watu wazoefu, kila mmoja na cheti chake cha mafunzo ya wikendi moja.

Basi siku zako tano zitumie kwenye mitego hii. Andika programu ya mistari sita au saba, waulize itatoa nini, kila mtu aandike jibu lake kwenye karatasi, ndipo muiendeshe. Siku ya nne na ya tano wakae wawili wawili na kazi halisi ya ofisini, ndogo, isiyogusa fedha: ripoti ya kila usiku inafaa sana. Na kwa mkurugenzi usiombe wiki ya pili. Omba saa mbili kila wiki kwa miezi mitatu, mkae kusomeana msimbo, kwa sababu mazoea ya PHP yatarudi mara tu kazi itakapobana.

Jihadharini pia, nyote mnaosoma, na wanaotangaza "Python kwa siku mbili, cheti juu", na hawa wapya wanaopitisha mafaili yote ya PHP kwenye akili mnemba kisha wakawakabidhi mfumo "uliohamishwa". Msimbo unatoka nadhifu, ila hakuna hata mmoja ofisini anayeweza kueleza unavyofanya kazi, na ukiharibika usiku wa manane wao hawapokei simu. Akija mmoja wao na ofa, muulizeni: orodha ya Python ikipitishwa kwenye fanksheni, ikaongezewa kitu humo ndani, aliyeipitisha anabaki na orodha ipi? Akijibu kwamba yake haijaguswa, asikanyage darasani kwenu.