Maswali ya Wasomaji: Mbwa Alichanjwa, Mbona Amekufa?

Swali: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni mkaazi wa Likoni. Nilipewa mbwa mdogo wa wiki sita, na kwa kuwa niliambiwa asipochanjwa atakufa, siku ileile nilivuka feri, nikanunua chanjo mjini kwenye duka la dawa za mifugo, nikarudi nayo mkobani. Kijana mmoja wa mtaani ambaye hudunga mbuzi ndiye aliyemdunga. Mwezi mmoja baadaye mbwa alianza kutapika na kuharisha damu, na siku ya tatu akafa. Je, niliuziwa chanjo bandia? Na nikileta mbwa mwingine sasa, atasalimika?

Jibu: Waaleikumu salaam, na pole sana. Bila kipimo siwezi kuapa, lakini dalili ulizozitaja ni za parvo, ugonjwa wa virusi unaoharibu utumbo na kupunguza chembe nyeupe za damu, na ambao huwapata zaidi mbwa walio baina ya wiki sita na miezi sita. Sioni sababu ya kumshutumu mwenye duka kwa jambo lisilothibitika, kwa maana hata chanjo halali kabisa ingeweza kushindwa hapo kwa njia mbili.

Ya kwanza ni umri. Mtoto wa mbwa hunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na ndani yake hupokea kinga ya mama. Kinga hiyo humlinda kwa wiki kadhaa, lakini haibagui: hata kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo hukiona ni adui na kukimaliza kabla mwili wa mtoto haujapata kujifunza chochote kutoka kwake. Nayo haiishi kwa wote siku moja, kwani hata ndugu wa uzao mmoja hutofautiana kwa kadiri walivyonyonya, hivyo hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu ni lini mlango umefunguka. Ndiyo maana hatuchanji mara moja tukaondoka. Huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mbwa atimize wiki 16 au zaidi, kisha hudungwa tena anapokuwa na umri wa kati ya miezi 6 na mwaka. Ile sindano ya wiki ya 16, ambayo wengi huiruka kwa kuwa mbwa anaonekana mzima na fedha zimekwisha, ndiyo nisiyokubali iachwe.

Ya pili ni joto. Chanjo ya parvo, kwa kawaida, ni kidonge cheupe kikavu kilichoshika chini ya kichupa. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyotakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi mpaka dakika ya kuchanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa hudungwa papo hapo. Mkoba uliosimama juani kwenye foleni ya feri saa saba mchana si mahali pake. Ubaya ni kwamba chanjo iliyounguzwa na joto huenda isibadilike rangi wala harufu, na sindano huingia vilevile. Kama ni lazima uibebe, iwe ndani ya boksi lenye barafu. Lakini ushauri wangu ni kwamba usiibebe kabisa, bali umpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ampime kwanza na kumpa dawa ya minyoo, halafu abandike kwenye kadi ile stika ya kichupa yenye nambari ya chanjo na tarehe ya kuisha. Kadi yenye maandishi ya kalamu tu, mimi huitilia shaka.

Kuhusu mbwa mwingine, usiharakishe. Virusi vya parvo huweza kuishi kwenye udongo wa kivulini mwaka mzima na zaidi. Sakafu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha uimwagie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, uiache dakika kumi. Matandiko yachome. Udongo hausafishiki kwa njia hiyo, kwa hiyo ni heri uchukue mbwa mkubwa aliyekwisha kumaliza chanjo zake zote.

Swali: Tunaishi ghorofani Mji wa Kale, na paka wangu hatoki nje. Mume wangu asema kumchanja ni anasa. Isitoshe, nadhani ana mimba.

Jibu: Kama ana mimba, dada, basi alitoka, au paka shume aliingia. Lakini hata asingetoka, maradhi humfuata. Paka wana ugonjwa wao ulio jamaa wa karibu wa parvo, na virusi vyake huletwa ndani na viatu vya yeyote aliyekanyaga kinyesi au matapishi kwenye vichochoro. Virusi vya mafua ya paka navyo huenezwa kwa chafya na mate ya paka wengine, na paka wanaogombea vichwa vya samaki barazani mwenu ni wengi. Kwa hiyo si anasa. Hata hivyo subiri: chanjo ya virusi hai akidungwa mwenye mimba huweza kuharibu ubongo wa watoto tumboni, wakazaliwa wakiyumba maisha yao yote. Mlete akishazaa na kuachisha, pamoja na watoto, ambao ratiba yao ni kama ile ya mbwa niliyoieleza juu. Ya kichaa cha mbwa, ambayo paka nao huihitaji, huanza wakitimiza miezi mitatu.

Swali: Mbwa wa jirani yetu huku Kisauni amemuuma mwanangu mguuni. Jirani ameonyesha kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, moja tu, ya mwaka juzi. Mama mkwe amepaka kidonda manjano. Kuna haja ya hospitali?

Jibu: Ipo, na ni leo. Ondoa manjano, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto, na umtajie daktari tarehe iliyo kwenye kadi. Chanjo ya kwanza ya kichaa huhesabiwa kumlinda mbwa kwa mwaka mmoja. Isiporudiwa, kadi hiyo haimsaidii mwanao. Huko watamdunga sindano kwa siku walizozipanga, asikose hata moja, na pia wataangalia kinga yake ya pepopunda. Ugonjwa huu, dalili zikishatokea, karibu kila mara huua.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, atazamwe siku 10: akibaki hai na mzima, hakuwa na virusi mateni siku alipouma. Matibabu ya mtoto hayangojei siku hizo kwisha. Na jirani, bila kumgombeza, mwambieni kwamba takriban asilimia 99 ya kichaa kinachowapata binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba maambukizi hukatika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, jambo lisilowezekana ikiwa wenye mbwa waliofugwa vizuri kama yeye ndio wanaosahau kurudi.

Swali: Mbwa wangu amedungwa jana, leo amelala tu na ana uvimbe begani. Nifanye nini?

Jibu: Mwache apumzike. Uchovu huo huisha kwa siku moja au mbili, na uvimbe mdogo hupungua wenyewe. Ukizidi kukua au ukidumu zaidi ya miezi mitatu, mrudishe. Kinachotutia hofu ni uso kuvimba, kutapika au kupumua kwa shida, na hayo mara nyingi hutokea ndani ya saa ya kwanza, kwa hivyo safari ijayo kaeni kliniki nusu saa baada ya sindano kabla ya kupanda tuktuk.